Namna ya kumuuzia kijana bidhaa isiyoharibu mazingira: mwongozo kwa vikundi vya Unguja na Pemba

Mwongozo huu nimewaandikia wanavikundi wenzangu wa Unguja na Pemba, wale wanaopika sabuni ya mwani, wanaosuka ukili, wanaoshona taulo za kike za kufua na wanaokamua mafuta ya nazi, ambao kwa muda mrefu tumezoea kumtegemea mtalii na sasa tunataka kijana wa hapa hapa naye awe mteja wetu. Kikundi chetu kipo Chake Chake, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiwauzia sabuni na mikoba ya ukindu vijana wa miaka 18 hadi 35. Sehemu kubwa ya ninayoyaeleza tumeyajua baada ya kukosea, na sehemu nyingine imetokana na kazi za watafiti waliolichunguza jambo hili katika nchi nyengine.

Anza kwa kuuliza alichonunua

Kosa la kwanza ambalo karibu kila kikundi hulifanya ni kumuuliza kijana kama anayajali mazingira. Atajibu kuwa anayajali, wala hatakuwa amesema uongo, ila jibu hilo halikwambii kama kesho atatoa shilingi 3,000 mfukoni akachukua kipande chako cha sabuni. Pengo hilo baina ya kauli na ununuzi halipo kwetu peke yetu. Katika makala waliyoichapisha 2019, Katherine White, David Hardisty na Rishad Habib walitaja uchunguzi ambao asilimia 65 ya waliohojiwa walisema wanataka kununua bidhaa za makampuni yanayohimiza uendelevu, lakini walionunua kweli walikuwa kiasi cha asilimia 26.

Kwa hivyo muulize kijana alichonunua mara ya mwisho: ilikuwa sabuni gani, aliipata wapi, kwa bei gani, alikuwa na nani, na kwa nini alichukua ile akaiacha nyengine. Waulize vijana wasiopungua kumi, na wasiwe wa aina moja, bali uchanganye wa maskani, wa chuo, wanaofanya kazi mahotelini, wa bodaboda na kinamama wachanga. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Sisi tulipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, neno mazingira lilitajwa na wawili tu. Waliobaki walizungumzia harufu, povu, ngozi kukauka na bei, na sababu iliyojirudia kuliko zote ilikuwa kwamba ile ndiyo iliyokuwapo katika duka la karibu na nyumbani.

Usiyachukulie majibu hayo kuwa ni dalili ya kutojali. Mwanasaikolojia Icek Ajzen alieleza mwaka 1991 kuwa nia ya mtu kutenda jambo hutokana na mambo matatu: mtazamo wake kuhusu jambo lenyewe, namna anavyodhani watu wanaomhusu watalichukulia, na kama anaona lipo ndani ya uwezo wake. Nimeyageuza maelezo hayo kuwa chujio langu la kila siku. Kijana asiyenunua ama hakipendi kitu chenyewe, ama anaona haya mbele ya wenzake, ama anakitaka lakini hana njia ya kukipata, na kila moja ya hali hizo ina dawa yake. Sisi tulio wengi tunatoa dawa moja kwa maradhi yote matatu, yaani tunamhubiria habari za mazingira, kisha tunashangaa kuwa hajapona.

Kitu chenyewe kwanza

Hakuna kijana atakayeoga kwa sabuni mbaya kwa sababu tu imetokana na mwani wa Paje. Sabuni ya kupikwa kwa mikono iachwe ikomae wiki nne hadi sita kabla ya kufungwa, kwani ikiuzwa changa huyeyuka upesi na yaweza kuwasha ngozi, na mteja aliyewashwa mara moja harudi. Jua pia uzuri wa bidhaa yako mahali unapoiuzia. Sabuni iliyopikwa kwa mafuta ya nazi hutoa povu hata katika maji yenye chumvichumvi, na vijana wa vijiji vya pwani wanaooga kwa maji ya visima vya namna hiyo wanaijua taabu ya kusugua sabuni isiyotoka povu. Hiyo ni sababu ya kununua ambayo kijana ataihakikisha mwenyewe jioni ile ile.

Mikoba ilitufunza zaidi. Tulianza kwa kuuza vikapu vile vile tulivyorithi kwa bibi zetu, na kijana mmoja pale Gombani alikishika kimoja, akausifu ususi wake, kisha akanirejeshea kwa adabu akasema, “Mama, kizuri sana, lakini hiki ni cha kuchukulia samaki.” Hakuwa na ubaya wowote na bibi wala na ukindu, ila hakujiona yeye akiwa na kile kikapu begani. Tulikwenda tukapima laptopu ya binti wa mwenzetu, tukasuka mkoba wa kuitosha, tukautia zipu na bitana ya kanga, na mpini mwembamba uliokuwa ukikata bega tukaubadilisha kwa mkanda mpana. Hata hivyo wasichana wawili wa kwanza waliununua wakaurudisha. Nilipoingiza mkono ndani na kuupitisha taratibu kwenye mshono, niliona sababu: ncha za ukindu zilizokuwa hazikukatwa vizuri pale ukili unapoungana zilikuwa zikitokeza nje na kunasa nyuzi za baibui. Tangu siku hiyo kila mkoba unapitishwa kitambaa laini pande zote kabla ya kutoka, na kitambaa kikinasa popote, mkoba unarudi kwa mkasi.

Bei, na siku ya kuwa na fedha

Tunasema vijana hawanunui kwa sababu bidhaa zetu ni ghali, na mara nyingi tunakosea, kwani kijana huyo huyo ananunua vifurushi vya simu kila siku. Shida yake kubwa ni kwamba fedha humjia kidogo kidogo, ilhali bidhaa inayodumu humtaka atoe nyingi kwa mara moja.

Chukua mfano wa taulo za kike. Tuseme pakiti ya taulo za kutupa ni shilingi 2,500 na msichana hutumia moja kwa mwezi, basi kwa mwaka hutoa shilingi 30,000. Seti ya taulo za kufua ikiuzwa shilingi 15,000 itakuwa imejilipa kwa miezi sita, na baada ya hapo kila mwezi anabakiwa na fedha yake, huku pakiti kumi na mbili za mwaka zikiwa hazikuingia jaani wala hazikuchomwa nyuma ya nyumba. Hesabu hiyo haina kasoro, lakini msichana wa skuli aliyeshika shilingi 2,500 mkononi leo hawezi kununua kwa hesabu ya mwaka. Ukitaka anunue, igawe bei yako ifanane na fedha yake, kwa mfano apewe seti nzima kwa malipo matatu ya shilingi 5,000, au wasichana sita watengeneze upatu wa kuchukua seti mmoja mmoja. Vile vile uza sabuni kwa vipande vidogo vya kujaribia, kwa kuwa kijana yuko tayari kuihatarisha shilingi 500 kwa kitu asichokijua, ila si 3,000.

Jambo la kupatikana linakwenda pamoja na hilo. Kijana anayelazimika kupanda daladala kuja kununua sabuni atanunua mara moja kwa ajili ya kukuheshimu, kisha atarudia ya dukani kwake. Zungumza na wenye maduka ya mitaani, wape vipande vitano vitano kwa mali kauli, na upite kila wiki kuangalia kilichouzwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini katika mambo yote tuliyoyafanya hakuna lililoongeza mauzo kwa vijana kama hili. Na kama unauza chupa ya maji ya kudumu, hakikisha kwanza kuwa pale chuoni au kazini kwake kuna mahali pa kuijazia maji salama, kwa sababu bila ya hapo unamuuzia mzigo.

Kinachoonekana na kinachofichika

Mwaka 2010 Vladas Griskevicius na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonesha kuwa mtu anapofikiria hadhi yake mbele ya watu huelekea zaidi kuchagua bidhaa isiyodhuru mazingira kama ununuzi unafanyika hadharani, na mvuto huo hupungua anaponunua kwa faragha. Wengine huyasoma matokeo hayo kama lawama kwa wanunuzi, nami siyaoni hivyo, kwa sababu kwetu mtu kujali anavyoonekana ni sehemu ya ustaarabu, na mtoto anafunzwa tangu mdogo kutoka nyumbani akiwa nadhifu. Faida ya utafiti huo kwa muuzaji ni kumsaidia kuchagua maneno.

Mkoba, kofia, viatu na chupa ya maji hubebwa mbele za watu, kwa hivyo wekeza katika umbo, rangi na alama ndogo itakayomfanya mwenzake aulize umetoka wapi. Taulo za kufua, sabuni ya kuogea na jiko lililopo uani havionwi na mtu, na ukivisifu kwa kuwa vitampendezesha kwa wenzake umepoteza pumzi. Hivyo viuze kwa raha ya mwili, kwa unafuu na kwa siri iliyotunzwa. Taulo za kufua hasa ziuzwe na msichana kwa msichana, ndani, pamoja na maelezo ya kuzifua na kuzianika juani, maana tumeona kuwa swali linalowazuia wengi ni wapi wataanika bila ya kuonwa na wanaume wa nyumba, na tulipoanza kuziuza pamoja na kitambaa chepesi cha kuzifunikia kambani swali hilo lilipungua.

Kuna mlango mmoja ambao sisi Wazanzibari tunao tayari na tunausahau. Msichana wa hapa amekua akijua singo, liwa, hina na asumini, na bibi harusi anaposingwa hakuna anayemweleza kuwa anatumia bidhaa za asili, kwa sababu hayo ndiyo mambo mazuri anayoyatamani. Sabuni ya mwani yenye harufu ya asumini au ya karafuu iwekwe karibu na vitu hivyo, kwenye meza ya urembo, badala ya kupangwa peke yake chini ya bango la kuhifadhi mazingira.

Wataje wenzake wa karibu

Noah Goldstein, Robert Cialdini na Griskevicius huyo huyo waliwahi kuweka kadi katika mabafu ya hoteli nchini Marekani kuwaomba wageni watumie taulo zao zaidi ya mara moja. Katika jaribio lao la kwanza, lililochapishwa 2008, kadi iliyozungumzia kuyahifadhi mazingira iliitikiwa na kiasi cha asilimia 35 ya wageni, na iliyosema kuwa wageni walio wengi hufanya hivyo iliitikiwa na asilimia 44. Katika jaribio la pili, kadi iliyofanikiwa kupita zote ni iliyowataja wageni waliowahi kukaa katika chumba kile kile.

Kwa hivyo usimwambie kijana wa Wete kuwa vijana duniani kote wanabadilika. Mwambie kuwa wasichana kumi na wanne wa mtaa wake wanatumia sabuni hii, ikiwa ni kweli wako kumi na wanne, na uwe tayari kumtajia mmoja aliyekuruhusu. Jihadhari pia na mabango yanayosema vijana wengi wanatupa plastiki baharini. Muandishi wake ana nia njema, lakini kijana anayelisoma hupata habari moja tu, kwamba kutupa ndilo jambo linalofanywa na wenzake.

Sema yaliyo karibu, na usiseme yasiyo kweli

Mazungumzo ya mazingira yana nafasi yake, ila yaje baada ya kijana kukishika kitu na kukipenda, maana hapo humpa sababu ya kurudi na ya kumsimulia mwenzake. Yawe ya karibu naye. Habari za barafu kuyeyuka katika ncha za dunia hazimgusi kama habari ya mama yake aliyelima mwani wa kotonii tangu miaka ya 1990, akaona unakufa mwaka baada ya mwaka kwa joto la maji ya pwani, na sasa analima spinosamu wenye bei ndogo. Kijana wa Jambiani au Bwejuu anayajua hayo bila ya kusomeshwa. Kijana wa Pemba anayajua mabonde ya mpunga yaliyoingiliwa na maji ya chumvi. Ukimweleza kuwa zao la mwani halitiwi mbolea wala halimwagiliwi maji matamu, na kuwa ukisagwa ukatiwa katika sabuni hapa hapa, mkulima hupata zaidi kuliko anapouuza mkavu kwa gunia, umemuunganisha na watu anaowajua.

Lakini sema yote. Mwani huo hufungwa kwenye vigingi vilivyokatwa msituni, na kwa vikamba vya plastiki ambavyo vikikatika hubaki baharini. Ukindu wetu mara nyingi hutiwa rangi za kiwandani. Mkindu ukikatwa majani yake machanga yote kwa pamoja hudhoofika. Kijana wa leo ana simu mkononi na atayajua hayo kwa dakika mbili, na akiyajua kutoka kwa mwengine baada ya wewe kumwambia kuwa bidhaa yako haina dhara lolote, utakuwa umempoteza pamoja na marafiki zake. Andika kwenye lebo kile tu unachoweza kumuonesha: mafuta ya nazi yametoka kijiji gani, mwani umetoka wapi, rangi ni ya asili au si ya asili. Usidai kuwa sabuni inatibu chunusi wala ukurutu, kwani hayo ni madai ya dawa, na vipodozi pamoja na dawa vinasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Suala la nembo ya viwango nalo nataka lichukuliwe kwa uzito wake. Katika maonesho fulani ya biashara mwanafunzi mmoja wa chuo alisimama mbele ya meza yetu, akachukua kipande cha sabuni ya karafuu, akakinusa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, akakigeuza mara tatu akitafuta tarehe. Kisha akaniuliza, “Samahani mama, hii imethibitishwa na ZBS?” Wakati ule maombi yetu Taasisi ya Viwango Zanzibar yalikuwa hayajakamilika, nami nikamwambia hivyo. Alishukuru, akakirudisha pale pale alipokitoa. Mtazamo wake kwa sabuni ulikuwa mzuri na fedha anayo, nilimuona akiinunua asali meza ya pili, iliyokuwa na nembo. Tangu hapo nawashauri wenzangu waanze kushughulikia nembo kabla ya kutumia fedha kwenye picha za matangazo.

Kifungashio ni sehemu ya kauli yako. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko laini ya plastiki tangu 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo tarehe 1 Juni 2019, na kwa hivyo kijana wa miaka ishirini amekulia chini ya sheria hiyo na ataiona kasoro yako mara moja ukimfungia sabuni ya mwani ndani ya plastiki. Sisi tulijaribu majani makavu ya mgomba, yakapendeza sana, hadi masika ilipoingia na yakafanya ukungu katika maboksi mawili mazima, na sasa tunatumia karatasi ya kaki yenye mkanda mwembamba wa jani kwa pambo. Kwa mzigo mkubwa pakacha bado halina mpinzani.

Dini nayo inagusa nyoyo za vijana wetu kuliko tunavyodhani. Aya ya 31 ya Suratul Aaraf inayotukataza israfu inafahamika kwa kila aliyepita chuo cha Kurani, na mjadala wa israfu humfikia kijana haraka kuliko mjadala wa kaboni. Hata hivyo uachie usemwe na watu wanaoaminiwa kwa elimu yao, darasani na msikitini, wala usichapishe aya kwenye karatasi ya kufungia ambayo mwisho wake ni kutupwa.

Wakati wa kumfuata

Mazoea ya kununua ni magumu kuvunjwa katika siku za kawaida na huwa mepesi maisha yanapobadilika. Kwa hivyo mfuate kijana anapohamia chumba cha kupanga, anapopata kazi ya kwanza, anapofunga ndoa na kununua vyombo, au anapofika Tunguu kuanza mwaka wa kwanza wa chuo akiwa bado hajachagua duka. Kwa Pemba, msimu wa karafuu ni wakati ambao fedha ipo mikononi mwa vijana wachumaji, basi bidhaa zako za bei kubwa zitoke wakati huo.

Daftari

Weka daftari lenye safu tano: tarehe, umri wa mnunuzi kwa kukisia, alichonunua, aliyemwambia habari zenu, na kama ni mara ya kwanza au amerudi. Usiandike majina. Kila mwisho wa mwezi anza kusoma safu ya mwisho, kwa sababu mnunuzi wa mara ya kwanza huenda amekuja kwa huruma, kwa udadisi au kwa kuwa anakujua, na aliyerudi amekuja kwa ajili ya kitu chenyewe. Ikiwa wengi wananunua na wachache wanarudi, kasoro imo katika bidhaa, na kuongeza matangazo kutawaongeza tu waliokatishwa tamaa. Ikiwa wachache wananunua lakini karibu wote wanarudi, kasoro imo katika bei ya kuanzia au katika umbali wa duka.

Daftari letu la miezi mitatu iliyopita linaonesha hali hiyo ya pili kwa upande wa sabuni, na zaidi ya nusu ya waliorudi walianza kwa kile kipande kidogo cha shilingi 500. Kwa hivyo sinia zote tutakazozimimina wiki ijayo zitakatwa vipande vya gramu 20, na vikishakomaa tutavipeleka katika maduka ya Machomanne na Wawi ambayo bado hatujawahi kuyafikia.